Kuku Aliyepelekwa Chitipa

Jumanne, 6 Mei. Tunduma

Mazoezi kama kawaida. Nimekimbia kuelekea Mpemba hadi pumzi ikaisha, nikarudi. Foleni ya malori imefika mbali leo. Madereva wanapiga mswaki pembeni ya magurudumu. Mmoja kanipigia makofi. Niliendelea kukimbia. Halafu ukuta wa ghala, mpira na alama ya chaki, mpaka bega likakataa.

Mchana dukani kwa Shangazi Sabina, kupima mchele na maharage. Nimemzidishia mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, karibu nusu kilo. Kaondoka haraka, hakutaka nigundue. Shangazi kaona. Kasema kriketi itanifilisi kabla haijanilipa.

Kichwa changu kiko Dar. Alhamisi nasafiri. Timu ya taifa. Tangu mwalimu aje na gongo la plastiki shuleni kwetu Isongole, nilikuwa nasema nitafika. Nilikuwa nasema tu. Sasa naogopa.

Jumatano, 14 Mei. Dar es Salaam

Nimecheza.

Nahodha Mwanahawa kanivisha kofia ya timu ya taifa mbele ya wote. Niliigusa mara tatu kuhakikisha ipo. Tunacheza na Malawi, mechi tatu. Mpira wangu wa kwanza ulikwenda pembeni kabisa, karibu umpite hata mdakaji. Watu wakacheka. Wa nne uling'oa kijiti cha katikati. Hawakucheka tena.

Kocha kasema kasi hii hajaiona kwa msichana wa hapa nyumbani. Nimejifanya sijasikia ili arudie. Karudia.

Wana mpigaji mmoja, Temwa. Mfupi, mkaidi, anasimama kama mtu anayesubiri deni lake. Kanipiga nne mara mbili, mpira mpaka ukingoni. Kati ya ova, zile zamu za mipira sita, nikamsikia anaongea Kindali na mwenzake. Lugha yetu ya nyumbani kabisa. Nikamwambia kwa Kindali kwamba bahati yake itaisha. Kageuka, kacheka. Kwao ni Chitipa, ng'ambo ya mpaka. Kutoka kwetu Isongole kwenda kwao ni karibu kuliko kwenda Tunduma. Mama yake huvuka kuja kwenye mnada wetu. Pengine nimeshanunua kwake mafuta ya alizeti bila kujua. Tulitaniana mpaka mwamuzi akakohoa.

Nimempenda. Na nataka kumtoa.

Ijumaa, 16 Mei. Dar es Salaam

Niandike haraka kabla sijaanza kubadilisha.

Temwa alikuwa anapiga vizuri. Mbele, nyuma, kila mahali. Nahodha akagusa bega lake mwenyewe, ndiyo ishara yetu: mpira mfupi. Ule unaodunda katikati ya uwanja na kupanda usoni. Unamrudisha mpigaji nyuma, unampa hofu kidogo. Ni halali. Kila mrushaji wa kasi anaurusha. Niliurusha kwa nguvu zote. Ulikuwa mzuri. Nilijua ni mzuri ulipotoka mkononi.

Alitaka kuupiga. Alichelewa. Ulipita kwenye upenyo wa helmeti, kati ya ukingo na vyuma, ukampata chini ya jicho la kushoto.

Sauti yake siandiki.

Nikafika kwake kabla ya mtu yeyote. Damu ilikuwa inapita kwenye vyuma. Akamwita mama yake kwa Kindali. Neno lile lile ninalomwita wangu. Nikakaa chini kwenye majani, nikamshika mkono. Daktari akaja, machela ikaja, wakambeba. Mimi nikabaki nimekaa palepale. Kwetu humwachi mtu uliyemtoa damu mpaka umkabidhi kwa watu wake. Nilikuwa nasubiri kukabidhi. Mwamuzi alinisemesha. Mwanahawa akanivuta mkono, akasema watu wake ndio wale wenye jezi nyekundu, wameshamchukua. Nikainuka. Sikumaliza ova yangu.

Tumeshinda. Wamenipongeza. Nimekwenda kulala bila kula.

Jumamosi, 17 Mei

Nilitaka kwenda hospitali. Meneja kasema ngoja kwanza, nahodha atatuwakilisha. Kwa nia njema. Kasema nikimwona nitaharibikiwa kichwa.

Kichwa kimeharibika bila kumwona.

Jumapili, 18 Mei

Mechi ya mwisho. Nimerusha uji. Kila mpira ulikwenda miguuni mwa mpigaji, polepole, kama ninamkabidhi mtoto. Wamenichapa. Nahodha kagusa bega, nikajifanya jua limeniingia machoni. Kagusa tena. Nikarusha tena miguuni. Kanitoa.

Temwa hajafanyiwa upasuaji. Mfupa umepata ufa. Wanasafiri naye kesho. Jicho limevimba, hawajui kama litapona.

Jumatatu, 19 Mei

Kocha aliniita. Hakufoka, na mimi nilitamani afoke. Kasema Julai kuna mashindano ya kufuzu na timu inaingia kambini mwisho wa Juni. Kila mrushaji ana mpira mmoja unaomweka kwenye timu, na wangu ni ule. Nikapumzike nyumbani. Kabla ya katikati ya Juni nimtumie video ninarusha mipira mifupi, kwa kasi yangu. Asipoiona atamwita msichana wa Dodoma.

Nikasema sawa kocha. Nilikuwa natazama viatu vyake.

Alhamisi, 22 Mei. Tunduma

Shangazi kanikumbatia hadi kofia ikaanguka. Kawaonyesha wateja picha zangu. Mama mmoja wa Zambia kasema kwa Kibemba jambo refu, wakacheka wote, wakakataa kunitafsiria.

Nilimweleza usiku. Shangazi anasema mchezo ni mchezo. Ngumi je? Mpira wa miguu je, watu hawavunjani? Yule alivaa helmeti, alijua anakwenda wapi. Kula ugali wako.

Maneno yake yote ni kweli. Hayajaingia hata moja.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada, uwanja wa shule. Kijiti kimoja, mimi peke yangu, hakuna mpigaji. Nikakimbia, nikanuia mfupi. Mkono ukaachia mapema, mpira ukapaa. Tena. Ukapaa. Tena, ukatua miguuni pa kijiti. Mwili unakataa amri. Nimeupigia kelele kama mwehu. Kuna mbuzi alikuwa ananitazama.

Nina hasira na mkono wangu mwenyewe. Kesho kutwa naenda Isongole.

Jumanne, 27 Mei. Isongole

Nilimkuta Baba anapura maharage uani. Nilikuwa nimevaa jezi kwa makusudi. Aliitazama jezi, akanitazama mimi, hakuacha kupiga.

“Kwao umeshakwenda?”

Habari zilifika kabla yangu. Mnada hauna siri.

“Bado, Baba.”

“Basi hujafika nyumbani. Umepita tu.”

Kofia hajaishika. Mama ndiye aliyeishika, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka juu ya kabati na Biblia.

Alhamisi, 29 Mei

Baba ni mzee wa kanisa na kila usiku anaombea nyumba nzima kwa majina. Siku hizi anaanza na Temwa. Jina langu linakuja mwisho, baada ya ng'ombe. Nimemwonea Temwa wivu, yeye aliyepasuka uso. Mimi ni mtu mbaya.

Nilijaribu kueleza. Kwamba ni mchezo, mwamuzi hakuona kosa, hata wao hawakulalamika. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kasema mwamuzi ni wa uwanjani, na Temwa hakurudi kulala uwanjani, amerudi kwa mama yake. Damu imemwagika, hata kama ni kwa bahati mbaya. Mtu huenda, huketi chini, husema. Wakikusamehe, unalala. Ni kazi ya siku moja, mbona unaifanya ya mwezi.

Nikakubali. Kusema kweli, nilifurahi. Nikisamehewa, mkono utafunguka. Baba Mdogo Ambilikile atakuwa msemaji wangu, maana mkosaji hajisemei. Mama kachagua kuku, si jogoo. Yule mwekundu anayetaga. Anasema unapeleka kitu kitakachoendelea kuzaa.

Jumamosi, 31 Mei

Tumevuka asubuhi. Afisa anamjua Baba Mdogo tangu enzi za biashara yake ya baiskeli. Kauliza kama kuku naye ana pasipoti. Baba Mdogo kamjibu kuku huyu anakwenda kwenye shughuli, hafanyiwi utani. Afisa kaacha kucheka, katupisha.

Nyumba yao ina bati jipya na ua uliofagiliwa. Mama yake Temwa alitupokea kwa Kindali, akatandika mkeka. Bibi yake alikuwa amekaa mlangoni. Tukaketi. Kuku miguu imefungwa, mbele yetu. Baba Mdogo akasema vizuri sana, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Kwamba mtoto wetu amemwumiza mtoto wenu, hatukutuma mtu wala hatukujificha, tumekuja wenyewe.

Mama yake akamtazama kuku. Kisha:

“Tulisema hawa ni wa Isongole, watakuja. Nikafagia siku ya kwanza. Nikafagia ya pili. Nikasema labda kriketi imewafundisha tabia nyingine.”

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa anaufungua mlango wa msamaha. Bibi tayari alikuwa amenyoosha mkono kwa kuku.

Ndipo Temwa akatoka ndani. Miwani nyeusi, shavu bado la njano. Hakuketi.

“Bibi, usimpokee huyo kuku.”

Mama yake akamwambia akae. Hakukaa. Akaniambia mimi, si Baba Mdogo, mimi.

“Ulinirushia mpira mzuri. Nilichelewa kuinama. Sasa umekuja kuniletea kuku kama mtoto aliyegongwa na baiskeli. Mimi sijakosewa.”

Baba Mdogo alisema, mwanangu, si wewe tu, hata wazazi lazima watulizwe. Temwa akasema wazazi wametulia. Akanigeukia tena.

“Siku ukinirushia mpira wa huruma, siku hiyo ndipo utakuwa umenikosea. Hiyo ndiyo sitasamehe.”

Akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Afadhali ungebamizwa.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kuku huwezi kumrudisha, ni kama kurudisha ugomvi nyumbani. Huwezi kumwacha, amekataliwa na mwenye damu. Mama yake Temwa alikuwa anaona aibu mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe Bibi akasema basi kuku ni wa kwake, amepewa na wageni waliokuja kumsabahi, hakuna zaidi. Tukanywa chai. Tuliongea habari za mvua.

Njia nzima Baba Mdogo alitembea mbele yangu. Karibu na mpaka akasema katika umri wake hajawahi kuona mtu anakataa kuombwa radhi.

Jumapili, 1 Juni

Baba anasema jambo halijaisha. Mama anasema kuku kabaki, kwa hiyo limeisha nusu. Wamebishana hadi wakati wa ibada.

Nilikwenda kutua mzigo, nimerudishwa nao. Namchukia Temwa. Amejiona nani? Ningemwomba hata kwa magoti. Ilikuwa kazi ya kusema ndiyo tu.

Jumanne, 10 Juni. Tunduma

Kocha kanikumbusha video. Sauti yake ya upole imeniudhi.

Shangazi kafunga duka, kaja nami uwanjani kushika simu. Kwanza alirekodi anga. Halafu vidole vyake. Halafu akaniuliza kwa nini nakimbia kote huko kama mpira wenyewe nitautupa tu.

Nikaanza. Mpira wa kwanza ukapaa. Nikamkumbuka Temwa amesimama pale na miwani yake, kidevu juu, “sijakosewa”. Damu ikanipanda. Nikarudi kwenye alama yangu, nikakimbia, nikaudundisha mfupi kwa nguvu zote nilizonazo. Ukapanda, ukapita juu ya kijiti kwa kasi, ukagonga ukuta wa darasa. Tena. Tena. Mkono umefunguka. Shangazi alishusha simu, akasema eh, kumbe unaweza kuua mtu.

Alisema kwa utani. Nilikaa chini dakika kadhaa.

Nimetuma. Si ujasiri uliorusha ile mipira, ni hasira. Video haionyeshi tofauti.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeitwa kambini.

Shangazi kapika wali na kuku. Nimekula wali.

Jumatano, 25 Juni. Dar es Salaam

Kambi. Tunarushiana wenyewe kwenye neti. Natoa mipira mifupi, wanainama, wanacheka, wananitukana. Hasira inapungua kila siku na ninaogopa ikiisha. Sina kitu kingine cha kukimbia nacho.

Ratiba imetoka. Malawi tuko kundi moja. Jina la Temwa lipo kwenye kikosi chao. Nimelisoma mara nyingi. Nimefurahi kiasi cha kunishangaza. Basi jicho limepona. Basi alikuwa anasema kweli, na mimi ndiye niliyejitesa.

Jumanne, 8 Julai. Dar es Salaam

Leo tumecheza nao.

Temwa hakupangwa. Alikuwa nje na wa akiba. Aliyeingia nafasi yake ni binti mdogo wa umbo, macho makubwa, helmeti inamcheza kichwani. Nahodha akagusa bega. Wa kwanza niliurusha mfupi na kwa kasi, akainama. Akainuka, nikaziona pumzi zake zinavyokwenda. Bega tena. Nikarusha mfupi, lakini mkono niliulegeza. Ulipanda kivivu, akauacha upite. Hakuna aliyegundua. Mwanahawa alipiga makofi.

Tukapumzika kunywa maji. Temwa ndiye aliyewaletea wao chupa. Hana miwani sasa. Kovu dogo tu. Nikamfuata, nikamnyooshea mkono kutoka ubavuni kwake, upande wa kushoto. Akaendelea kukusanya chupa. Nikadhani ananidharau. Nikasogeza mkono mbele kidogo. Ulikuwa karibu na shavu lake. Hakupepesa.

Nikamwita jina. Akageuza kichwa chote, kama anavyogeuka mtu aliyeitwa kutoka mgongoni. Akauona mkono wangu. Akaona kwamba nimeelewa.

Akaweka chupa moja kwenye mfuko. Jicho lenyewe ni zima kabisa kulitazama, ila halioni. Hilo ndilo baya.

“Wa nyumbani hawajui,” akasema kwa Kindali. “Siku ile kama Bibi angempokea kuku wa radhi, Mama angesema nimeumia. Angenifungia ndani. Hapa daktari wa timu kanipa mpaka mwisho wa mwaka nione kama litarudi. Usiseme.”

Nikasema sitasema. Sikufikiria, ilitoka.

Akaubeba mfuko wa chupa begani. Alipita, kisha akasimama.

“Na ule wa pili ulikuwa wa huruma.”

Nikarudi kwenye alama yangu. Mtoto yule alikuwa anajiweka sawa, helmeti inamcheza. Nilikimbia. Sikuwa na hasira, ilikuwa imeisha yote. Nilirusha mfupi, kwa kasi yote, nikiwa naogopa kuliko siku yoyote tangu nizaliwe. Akainama. Nikarudi, nikarusha tena. Machozi yalikuwa yanatoka na sikuyafuta, watu wakadhani ni jasho.

Tumeshinda. Wiketi mbili ni zangu, wapigaji wawili nimewatoa mimi.

Jumatano, 9 Julai

Mapumziko. Nimefua jezi. Mwanahawa kanisuka mabutu, amenivuta mno.

Jioni Baba kapiga simu. Hajawahi kupiga kuulizia mechi, na leo pia hakuulizia. Kauliza kama nimemwona binti wa Chitipa. Nikasema nimemwona. Kauliza jicho lake. Nikasema limepona, Baba. Kasema Mungu ni mwema.

Nikasema amina.